Ukoka wa marehemu unaliwa na magugu, na udongo aliuleta shemeji

Mwanangu mshauri, habari za kazi. Safu hii naisoma kila wiki, binti yangu ndiye hunifungulia kwenye simu. Leo na mimi nimeona niandike, maana jambo langu nikimweleza mtu wa hapa mtaani ataona natafuta ugomvi kwa sababu ya majani.

Nina miaka 61, ni mjane, naishi Moshi upande wa Rau. Marehemu mume wangu tulipohamia nyumba hii, kazi yake ya kwanza ilikuwa ukoka. Hakuununua. Aliuleta kutoka kwao Kibosho kwenye viroba, kila Jumamosi, akaupanda kwa mkono wake, kamba imenyooshwa, kipande kwa kipande, mimi namwagilia nyuma yake. Ilikuwa masika ya 2008. Mwaka huo huo akapanda na mparachichi katikati ya uwanja. Watu walikuwa wakipita wanasimama kuangalia.

Alifariki 2022. Msiba ulikuwa hapa nyumbani. Mahema yalikaa juu ya ukoka siku tano, na magari yalikuwa yanageuzia pale pale getini. Baada ya hapo sikuigusa bustani karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikitoka nje naona kiti chake, narudi ndani.

Mwaka jana masika yanaanza, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akasema bustani ya kaka haiwezi kufa. Akaleta kenta nzima ya udongo mweusi na samadi kwa pesa yake, vijana wakamwaga na kusambaza kuanzia bombani upande wa jikoni. Siku ile nililia kwa furaha. Mvua zikanyesha. Wiki tatu hazikuisha, pale bombani yakatoka majani ya kung'aa, yamesimama kama sindano. Nikiyakata leo, keshokutwa yameupita ukoka. Nikiyang'oa yanakatika, kuna kitu kinabaki chini. Chini ya mparachichi nako kuna nyasi nyembamba zinatambaa, ukivuta unatoka uzi mweupe mrefu, halafu unakatika. Na getini kuna mafungu yamelala chini kama sahani, hata kwa mikono miwili hayang'oki. Kwangu mimi yote ni sangari.

Kijana anayenisaidia alinunua dawa ya magugu dukani, chupa imeandikwa 2,4-D, akapiga mara mbili. Vilivyokufa ni vile vya majani mapana ambavyo wala havikuwa vinanisumbua. Nyanya za jirani zikajikunja, ikabidi niende kuomba radhi. Sangari ikazidi kunawiri.

Sasa binti yangu ana sendofu katikati ya Desemba na anataka ifanyike hapa, kwenye ukoka wa baba yake. Kaka yake yuko Dar, anasema, "Mama, piga dawa uwanja mzima, tuweke pevingi, upumzike." Mama mkwe wangu ana miaka 84, tunaishi naye, na nyuma ya nyumba ana ng'ombe wake mmoja. Kila asubuhi anatoka na mundu, anakata hayo hayo ninayoyalilia. Anasema hilo si gugu, ni chakula, na dawa isiguse mahali panapotoka malisho ya ng'ombe.

Na shemeji kila akija ananiuliza, "Shemeji, udongo wangu umeifaa bustani?" Mimi nasema umefaa sana. Wiki iliyopita amesema ataleta kenta nyingine kabla ya sendofu. Yeye ndiye atakayesimama kama baba siku hiyo. Nikimwambia udongo wake ndio ulioniharibia ukoka wa kaka yake, nitamvunja moyo. Nikinyamaza, inakuja kenta ya pili. Nifanye nini, na hayo majani niyaondoeje?

Mama wa Rau, Moshi

JIBU

Mama, shikamoo. Na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale kwenye kiti chake.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo miwili ukaifunga kwa kamba moja. Kuna majani yanayoula ukoka alioupanda mumeo, na kuna watu wanne, kila mmoja anakupenda kwa namna yake na kila mmoja anavuta upande wake. Ukitaka kuyaondoa majani unaona kama lazima umguse mtu. Naomba nianzie chini, ardhini, kwa sababu nadhani kuna jambo huko litakalokupunguzia uzito.

Umesema yote ni sangari. Mimi sijaiona bustani yako, lakini umeieleza kwa jicho la mtu anayeijua. Umenitajia bomba, mti na geti, na ninavyosoma, sehemu hizo tatu zina mimea mitatu tofauti. Kabla hujanunua chupa nyingine, chukua sinia asubuhi moja, ng'oa mmea mmoja kila mahali, uilaze pamoja na kipande cha ukoka wenyewe.

Anza na wa bombani. Shika shina lake kati ya kidole gumba na cha shahada, ulizungushe. Likigoma kuzunguka kwa sababu lina pembe tatu, hiyo ni ndago. Ndago si nyasi hata kidogo, ni ndugu wa mafunjo yale yanayoota kando ya maziwa. Sasa chimba taratibu kwa kijiko, usivute. Utakuta kijiazi cheusi cha ukubwa wa punje ya hindi, kimeunganishwa kwa uzi na kingine, na kingine, kama rozari iliyofukiwa. Kila punje ni mmea unaongoja zamu. Ukivuta majani juu, uzi unakatika, na zile punje zilizokuwa zimelala zinaamka kila moja kivyake. Ndiyo maana kadiri unavyong'oa ndivyo zinavyoongezeka. Hujakosea popote, Mama. Mwaka 1977 wataalamu walipopanga magugu mabaya zaidi duniani, ndago ndiyo waliyoiweka ya kwanza.

Zile nyembamba chini ya mparachichi, hizo nakubaliana na wewe, ni sangari. Kuithibitisha, vuta jani taratibu mpaka uone pale linapoachana na shina. Kwenye ukoka utaona kama ukope wa vinyweleo vyeupe, na kwenye sangari utaona kiutando chembamba kisicho na vinyweleo. Zikiwa na masuke ni rahisi zaidi. Ukoka unatoa vidole vyote kutoka sehemu moja kama kiganja kilichofunguliwa. Vidole vya sangari vimepangana kwenye kijiti, kimoja juu ya kingine. Ule uzi mweupe ni shina linalotembea chini ya udongo, na kipande chake kimoja chenye kifundo kinatosha kuanzisha ukoo mpya.

La getini nalipenda kwa sababu wewe ni mtu wa Moshi na utalitambua mara moja. Litazame suke lake, halafu ukumbuke ulezi unaotiwa kwenye pombe ya mbege. Ni jamaa ya ulezi kabisa, mimi hulitambulisha kwa watu kama ulezi mwitu. Chini, karibu na mizizi, mashina yake yamebapa na yana weupe unaong'aa. Halina viazi wala nyuzi za chini, na ukiliwahi kabla halijakomaza suke umelimaliza. Likikomaa linamwaga mbegu kwa maelfu. Na linapenda hasa udongo uliokanyagwa ukashikamana, mahali ambapo ukoka umechoka.

Hapo ndipo nataka unisikilize. Getini hapakushindiliwa na kenta ya shemeji. Palishindiliwa na magari ya watu waliokuja kumzika mumeo, na yanayoendelea kugeuzia hapo mpaka leo. Sangari nayo hupenya chini ya uzio kutoka kwa jirani, hutoka bandani, hukaa kwenye shina la mti miaka ikingoja nafasi. Nafasi yenyewe ilitokea kwa sababu mparachichi wa 2008 leo ni mti mkubwa, na ukoka hauvumilii kivuli. Ni vitu viwili vya mkono wake vinavyogombania jua, Mama. Hata asingekuja mtu na udongo, chini ya ule mti ukoka ungekonda tu. Kwa shemeji inabaki ndago ya bombani, na hiyo ndiyo, ninaamini ilikuja na kenta, kwa kuwa imeota pale pale udongo ulipomwagwa. Lakini hata hapo bomba limeisaidia, maana ndago hunenepa penye maji. Je, linavuja?

Kwa hiyo ile sentensi inayokukaba, "udongo wako umeniharibia ukoka wa kaka yako," sidhani kwamba ni ya kweli nzima. Labda hutahitaji kuitamka hivyo.

Kuhusu ile dawa, kijana wako hakununua dawa bandia. 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Ndiyo maana wenye mahindi wanaipenda, na ndiyo maana sangari yako iliipokea kama mvua. Nyanya ni wepesi mno kudhurika nayo, hata kwa matone madogo ya dawa yanayopeperushwa na upepo. Anachokishauri mwanao pengine ni glaifoseti, ambayo inaingia kwenye jani na kushuka mpaka mizizini. Hiyo itaiua sangari kweli, lakini haichagui. Itaua na ukoka. Ndago itaungua juu, na utarudia mara kadhaa kabla punje za chini hazijaisha. Inafanya kazi kwenye majani mabichi yanayokua, siyo yaliyosinyaa kwa kiangazi, na inataka saa kama sita bila mvua. Kuna wanaoipaka kwa sponji jani kwa jani, wamevaa glavu, ili wasiguse ukoka. Ni kazi ya kuinama, ila kwa eneo dogo la bombani inawezekana.

Kuhusu hatari yake, nisikufiche. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za viuatilifu za Ulaya na Marekani zilifikia uamuzi tofauti, na bado inauzwa. Ukiamua kuitumia, chupa iwe na lebo inayosomeka na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini, na majani yaliyopigwa yasiende bandani. Kwenye hilo mama mkwe wako yuko sahihi kabisa. TPHPA wenyewe wapo Ngaramtoni, Arusha, pale tulipozoea kupaita TPRI. Afisa ugani wa kata yako naye anaweza kuliangalia lile sinia bila wewe kusafiri.

Njia ya pili ni jembe uma. Kwa sangari mimi naiamini kuliko dawa, kwa sababu meno ya uma huinua ule uzi mzima badala ya kuukata kama jembe la kawaida. Udongo uwe na unyevu kidogo, mchimbe, mpukute, mvianike juani vikauke kabisa. Na katika nyumba yako kuna mtaalamu wa kazi hiyo ambaye umemweka upande wa wapinzani. Bibi wa miaka 84 wa Kibosho, kama alilima kahawa, ameishi na sangari maisha yake yote. Muulize kwenye kahawa walikuwa wanaifanyaje. Sidhani atakuambia waliiacha kwa sababu ni chakula. Mkalishe kwenye kiti chini ya mti awasimamie vijana, na kila kinachotoka, majani kwa mizizi, kikikung'utwa udongo na kukauka, kiende kwa ng'ombe wake. Ubaya wa njia hii ni jasho na muda. Hutamaliza mara moja, miezi mitatu baadaye utarudia vipande vilivyosahaulika, na karibu na shina la mparachichi lazima mwende polepole kwa sababu ya mizizi yake.

Njia ya tatu ni jua. Unalowesha udongo, unautandika nailoni inayopitisha mwanga, unazika kingo zake, unaacha wiki nne mpaka sita. Joto linapika mbegu na mizizi ya juu. Januari na Februari Moshi jua lipo la kutosha, ila chini ya mti haitasaidia, na ndago za kina kirefu nyingine zitapona, nyingine hata zitatoboa nailoni. Inafaa zaidi getini na kwenye sehemu wazi.

Hapa ndipo Desemba inapokuja. Ukiua uwanja sasa hivi, Septemba, ukapanda upya kwa vuli, siku ya sendofu utakuwa na ukoka wa wiki sita au saba, wenye mabaka ya udongo, na viatu vya wageni mia juu yake. Ukoka mchanga hautakiwi kukanyagwa hivyo. Ukiamua kungoja, majani yale yale yakikatwa mafupi na sawasawa siku tatu kabla, wageni wataona uwanja wa kijani. Wewe peke yako utajua. Je, hilo linavumilika moyoni? Sijui, na siwezi kukujibia. Kuna mama atakayesema heri mabaka ya ukoka wa kweli kuliko kijani cha sangari mbele ya picha ya mume wangu, nami nitamwelewa. Ila ukingoja, kalenda inakuwa upande wako: Januari unatandika nailoni, masika yakianza unapanda, kama alivyofanya yeye. Kwa wakati huu unaweza kung'oa tu ulezi mwitu wa getini kabla haujamwaga mbegu, na kufunga bomba linalovuja.

Pevingi ya mwanao usiikatae yote kwa hasira. Ukiweka uwanja mzima utapata joto nyumbani na maji ya masika yatatafuta mlango, na ndago itachomoza kwenye viungo vya matofali hayo hayo. Lakini pale magari yanapogeuzia nyasi hazitashinda kamwe. Kipande hicho kimoja huenda kikawa ndicho anachoweza kukufanyia akiwa Dar, naye ataona amesikilizwa. Na chini ya mparachichi, ama mpunguze matawi jua lipite, ama mkubali pasiwe na ukoka. Masale yanavumilia kivuli, na kwa nyumba ya Wachaga, ambako jani lake huombea msamaha, hayahitaji kuelezewa.

Nirudi kwa shemeji. Unaweza kuendelea kunyamaza, na kenta ya pili ikija na ndago nyingine utanyamaza zaidi. Unaweza kumtuma mama mkwe aseme, maana mama kwa mwanawe ana njia zake, ila maneno yakipita kwa mtu wa pili hubadilika rangi, na anaweza kujiuliza kwa nini hukumwambia mwenyewe. Unaweza kumshukuru na kumwomba kitu kingine badala ya udongo: "Shemeji, safari hii nisaidie vijana wawili na jembe uma." Hiyo inaokoa sura ya kila mtu, lakini hatajua, na mwakani atampelekea mtu mwingine udongo wa mahali pale pale. Au unaweza kwenda naye bombani, kijiko mkononi, umchimbie ndago moja aione rozari yake, umwambie, "Tazama kilichojificha kwenye udongo, wala macho yako wala yangu yasingekiona." Unamwonyesha kitu ambacho kimewadanganya nyote wawili. Mtu aliyetoa kenta nzima ili bustani ya kaka yake isife, mimi nina hisia atapiga goti kuangalia kabla hajafikiria kuudhika. Lakini wewe ndiye unayemjua. Kama ni mtu wa kujilaumu sana, pengine baada ya sendofu ni salama zaidi, ilimradi kenta imezuiwa kwanza. Hakuna aliyemkosea mwenzake hapa kiasi cha kupelekeana sale.

Na akiendelea kutaka kuleta samadi, iwe iliyooza vizuri, iliyorundikwa ikapata moto ndani yake na kugeuzwa. Samadi mbichi hupitisha mbegu hai. Ng'ombe wa bibi naye akila masuke ya ulezi mwitu anayarudisha shambani kwa mlango wa nyuma, hivyo bibi ayakate mapema kabla hayajakomaa.

Kuna kitu kimoja ningekuomba ukifanye wiki hii, uamue lolote utakaloamua. Bila shaka kuna sehemu, labda karibu na baraza, ambapo ukoka wa mumeo bado ni safi. Chuma vipande vyenye vifundo na mizizi, vioshe kwenye ndoo mpaka udongo wote uishe, uhakikishe hakuna uzi mweupe wala punje iliyojificha, halafu uvipande kwenye makarai ya zamani au makopo yaliyotobolewa, kwenye udongo uliouchekecha mwenyewe. Viweke juani, vimwagilie. Ukoka huzaana haraka ukipata jua, na makarai manne ukiyagawa na kuyapanda tena kila yanapojaa, kufikia masika yatakuwa mengi. Hutahitaji kununua ukoka wa kitalu, ambao nao unaweza kuja na ndago zake. Siku ya kupanda, kamba ipo. Binti na mume wake wanaweza kushika ncha moja kila mmoja, na safari hii wewe uwe mbele, mwingine amwagilie nyuma yako.